Upande ambao hakuna anayeupiga picha

Mwalimu wa ushonaji alikuwa ameziba vioo vyangu kwa maboksi ya sabuni. Si kimoja wala viwili. Safu nzima ya upande wa magharibi, kuanzia usawa wa kiuno hadi pale mkono wake ulipofika akiwa amesimama juu ya stuli. Juu zaidi, ambako stuli haikumfikisha, alitundika kanga tatu na kipande cha turubai. Nilisimama mlangoni na kamera shingoni, nimevaa shati zuri, maana nilikuja kulipiga picha jengo langu la kwanza tangu lianze kutumika.

"Karibu, injinia," akasema bila kuinuka kwenye cherehani. "Utusamehe kwa hali ya humu. Jua lako limetuzidi."

Jua lako. Alilisema kana kwamba nililileta mimi. Na kwa kweli nililileta mimi. (Mimi si injinia, ni msanifu majengo, lakini kwetu kila aliyewahi kuvaa kofia ngumu ni injinia, na nimeshaacha kusahihisha.)

Chuo chenyewe sitakitaja. Kiko kanda ya kati, kinafundisha useremala, ushonaji, uashi, umeme wa majumbani na uchomeleaji, na kosa ninalolisimulia hapa ni langu. Jengo la karakana zao nililichora miezi minane baada ya kurudi kutoka Ujerumani, nikiwa na shahada ya uzamili mkononi na picha moja kichwani. Hiyo picha ndiyo iliyoniponza.

Kila aliyesoma usanifu majengo anaijua. Ghorofa tatu za kioo kitupu, kona isiyo na nguzo, kioo kinapinda kona na kuendelea na safari yake, na pembeni herufi za neno BAUHAUS zimeshuka wima ukutani moja chini ya nyingine. Ni jengo la shule ya Bauhaus mjini Dessau, kazi ya Walter Gropius na ofisi yake, lililofunguliwa tarehe 4 Desemba 1926. Nikiwa mwaka wa pili chuoni Dar nilikata picha yake kwenye jarida kuukuu nikaibandika hosteli juu ya kitanda, jirani na kalenda ya Simba. Mwenzangu wa chumba alidhani ni kiwanda.

Mimi ni mtoto wa seremala. Nimekulia Morogoro, kwenye maranda hadi vifundo vya miguu, na harufu ya mninga uliokatwa leo bado inanirudisha nyumbani kuliko harufu ya chakula. Basi kilichonivuta Bauhaus kwanza hakikuwa kioo. Nilisoma kwamba shule inayotajwa kuliko zote katika historia ya usanifu wa kisasa ilikuwa shule ya karakana: maseremala, wafumaji, mafundi chuma, wapiga chapa, wote ndani ya jengo moja, wanashika patasi kabla ya kushika vyeo. Nikajiambia, hawa ni watu wa baba. Kioo kilikuja baadaye, kikaila akili taratibu.

Nilipata nafasi Hochschule Anhalt, ambayo kampasi yake ya Dessau iko hatua chache kutoka kwenye jengo lenyewe. Nikafika Oktoba. Kutoka stesheni ya treni ni mwendo mfupi wa miguu, na nilikwenda moja kwa moja, begi la nguo likiwa mgongoni, kabla hata ya kujua nitalala wapi.

Mshangao wa kwanza: halina mbele. Sisi tumezoea jengo la shule liwe na uso, lango, bendera, ofisi ya mkuu katikati na madarasa kushoto na kulia kama mabawa ya kuku. Hili ukilisogelea hujui upo mbele au nyuma. Gropius mwenyewe aliandika kwamba huwezi kulielewa ukiwa umesimama mahali pamoja, ni lazima ulizunguke. Nililizunguka mara tatu siku ile. Ukilitazama kutoka angani utaona lina mapanga kama feni. Panga la kwanza ni karakana, zile za kioo. La pili ni hosteli ya ghorofa tano, vyumba 28 vya wanafunzi, vingi vikiwa na kibaraza kidogo kilichochomoza ukutani kama sahani. Kati ya hayo mawili kuna sehemu fupi ya bwalo, jukwaa na ukumbi, na milango yake ya kukunja ikifunguliwa yote, vinakuwa chumba kimoja cha sherehe. Kisha kuna barabara. Juu ya barabara limepita daraja la ghorofa mbili, lililowekwa ofisi, nalo linakupeleka kwenye panga la tatu ng'ambo ya pili.

Hilo la tatu nililipita tu. Kuta nyeupe, madirisha yaliyolala, basi. Nikarudi upande wa kioo, nikamwomba mpita njia anipige picha.

Kioo nilikielewa Desemba. Dessau iko karibu nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta. Mwezi huo jua la saa sita mchana linafika nyuzi 15 hivi tu juu ya upeo, linatambaa juu ya mapaa kama mtu anayejipitisha nyuma ya mkutano asionekane, na saa kumi jioni taa zimeshawaka mitaani. Fikiria unafundisha kufuma au kuchonga katika hali hiyo. Kila tone la mwanga ni mali. Basi Gropius akafanya hivi: akajenga mifupa ya zege, nguzo akazirudisha ndani, sakafu akaziacha zichomoze kupita nguzo, kisha kioo akakitundika nje kwenye fremu za chuma kama unavyotundika pazia kwenye bomba lake. Ukuta haukubeba kitu tena. Kazi yake ikawa kuingiza mwanga tu. Nikasimama ndani nikatazama ule mwanga mwembamba wa kijivu unavyofika hadi katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nakiita urembo nikakiona kuwa ni njaa. Watu walikuwa na njaa ya jua.

Bei yake unaihisi papo hapo. Ukisogea karibu na kioo baridi inakushukia mabegani. Rejeta za kupasha joto zimejaa kila mahali, na hazikufichwa. Moja kule kwenye ngazi imetundikwa juu ukutani pale ambapo mtu mwingine angetundika picha ya rais. Nilicheka nilipoiona, kisha nikaipigia saluti.

Halafu ikaja Julai.

Kulikuwa na warsha ya siku tatu kwenye ghorofa ya juu ya karakana. Siku ya kwanza saa nane mchana shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Kioo kiko pande tatu, na jua la kiangazi cha kule halizami haraka kama letu, linakuchungulia hadi saa tatu usiku. Wajerumani walikuwa wamekuwa wekundu kama nyanya. Mimi, mzaliwa wa Morogoro, nilikuwa natafuta kivuli Ujerumani.

Akaja mzee mmoja mtunza jengo, suruali ya kazi yenye mifuko mingi, kitambaa kichafu kimening'inia kwenye mfuko wa nyuma. Hakusema na mtu. Akaenda kwenye kigurudumu kidogo kilichofungwa ukutani, akashika mnyororo, akavuta. Safu nzima ya madirisha, juu kabisa ambako hakuna mkono unaofika, ikainama kwa pamoja, polepole, kama waumini kwenye rakaa. Hewa ikaingia. Nikamfuata nikamwomba nijaribu. Akaniachia. Mnyororo ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na mikono yangu ikabaki na alama nyeusi za mafuta. Akanipa kile kitambaa. Akaniambia, kwa Kijerumani cha polepole anachowawekea wageni, kwamba usipoutia grisi unalia jengo zima likasikia. Kisha akanitazama jasho linavyonitoka, akaongeza: ukitaka ubaridi, nenda upande ule wa shule ya mafundi.

Nikavuka daraja.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua karibu mwaka mzima kufika. Panga lile la tatu, la kaskazini, halikujengwa kwa ajili ya Bauhaus. Lilikuwa la shule ya ufundi ya mji wa Dessau. Bauhaus ilikuwa imefukuzwa mji wa Weimar, ilikoanzia, mwaka 1925 kwa sababu za kisiasa. Dessau, chini ya meya Fritz Hesse, ikaikaribisha na kulipia jengo, na shule ya ufundi ya mji nayo ikapata nafasi yake humo humo. Kwa hiyo jengo ambalo dunia nzima inalijua kama hekalu la wabunifu ni shule mbili zilizoshikana mikono juu ya barabara: wabunifu huku, vijana wa mji wanaojifunza kazi kule. Kila kitabu nilichokuwa nimesoma kilinionyesha huku. Kule kuliingia kwenye picha kwa bahati mbaya, kama kidole cha mpiga picha.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa kawaida tu, ule wa nyumba iliyojengwa na mtu mwenye akili timamu. Korido, madarasa yamejipanga ubavuni. Kuta zimepigwa lipu nyeupe. Madirisha ni ya mkanda: safu ndefu ya kioo imelala kutoka mwisho mmoja wa chumba hadi mwingine, lakini chini yake kuna ukuta na juu yake kuna ukuta. Ni hilo tu. Mwanga unaingia pale mwanafunzi anapoandika, na sehemu iliyobaki jua linagonga tofali linaishia huko nje. Ni mtu yule yule aliyebuni, kwa zege ile ile, mwaka ule ule. Nilikaa sakafuni nikachora mkato wa ukuta kwenye daftari: ukuta wa chini unanifika wapi, kioo kinaanzia wapi, dari liko wapi. Ni mchoro mbaya, mkono ulikuwa bado na grisi. Ninao hadi leo.

Baadaye nilijifunza kwamba historia nayo ilikuwa imeshasema neno lake kuhusu kioo na tofali. Mwaka 1932, baada ya Wanazi kupata nguvu kwenye baraza la mji, Bauhaus ilifungwa Dessau. Machi 1945 mabomu yakalipiga jengo na kile kioo maarufu kikaporomoka. Watu wa mji hawakuwa na fedha wala haja ya kukirudisha, wakaziba kwa matofali na madirisha ya kawaida, maisha yakaendelea na vipindi vikafundishwa humo. Kioo kilirudi 1976, fremu zikiwa sasa za aluminiamu. Yaani kwa miaka 30 hivi, jengo la kioo linalosifiwa kuliko yote lilikuwa na ukuta wa tofali, na hakuna darasa lililokufa kwa hilo. UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996.

Kabla sijaondoka Ujerumani nilikwenda pia Bernau, kaskazini-mashariki mwa Berlin, kuona shule ya vyama vya wafanyakazi iliyojengwa kati ya 1928 na 1930 na Hannes Meyer, aliyempokea Gropius uongozi wa Bauhaus, akiwa na Hans Wittwer. Tofali za manjano, bwawa dogo, na korido ndefu ya kioo inayoteremka mlima pamoja na majengo. Meyer alikuwa mtu wa hesabu: jua liko wapi saa ngapi, watu wanatembea wapi, wangapi wanakaa pamoja. Kilichonifurahisha zaidi si hesabu. Sehemu ya majengo yale sasa inatumiwa na chemba ya mafundi ya Berlin kwa mafunzo, na nilipofika niliwakuta vijana wenye buti za kazi wakitoka kula, wamevuka urithi wa dunia bila kuinua macho kutoka kwenye simu zao. Nikasema moyoni, jengo lililofanikiwa ndilo hili.

Sasa nieleze ilikuwaje mtu aliyeona yote hayo akarudi nyumbani kuchora tanuri.

Nimejiuliza sana. Ngozi yangu ilikuwa imeshajua, nilitokwa jasho Julai ile. Daftari lilikuwa limeshajua, mkato wa ukuta upo. Penseli ndiyo ilikuwa bado. Nilipokaa mbele ya karatasi tupu, mkono haukwenda kwenye daftari, ulikwenda kwenye ile picha ya juu ya kitanda hosteli. Na kamati ya ujenzi ya chuo ikanisukuma mahali nilipokuwa naelekea mwenyewe. Mjumbe mmoja alisema, "Sisi tunataka kitu cha kisasa, kionekane kutoka barabarani." Barabara iko magharibi mwa kiwanja. Nikalisimamisha jengo likitazama barabara, ubavu wake mrefu wote upande wa magharibi, na nikaujaza kioo cha kuteleza cha aluminiamu kutoka sakafuni hadi chini ya bimu. Wakapiga makofi. Nami nikajipigia ndani kwa ndani.

Mtu mmoja tu aliuliza swali. Alikuwa mwalimu wa useremala, mzee aliyebakiza muda mfupi kustaafu, amekaa nyuma na penseli sikioni.

"Mwanangu," akasema, "benchi la randa litakaa wapi saa tisa alasiri?"

Nilidhani haelewi ramani. Nikasogea nikamwonyesha kwa kidole: benchi hapa, mashine ya msumeno hapa, stoo ya mbao hapa.

"Haya," akasema.

Wewe uliyelelewa na wazee unaijua haya ya namna hiyo. Ni mzee aliyekwisha kuamua kwamba dunia itakufundisha yenyewe.

Alichokuwa ananiuliza ni hiki. Kule kwetu kanda ya kati tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linakaa utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kuelekea katikati ya Oktoba. Kati ya hapo linaegemea kusini kidogo au kaskazini, halafu linarudi. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaweza kuukinga kwa upenu wa mita moja tu na ukasahau. Lakini wa magharibi upenu hauusaidii, kwa sababu alasiri jua linakuja limelala, linapita chini ya upenu na kuingia ndani kama mgeni aliyekaribishwa. Kila bibi aliyewahi kuchagua mahali pa kuanikia mihogo anajua hilo. Mimi nilikuwa na programu ya kompyuta inayochora njia ya jua kwa saa na dakika, na niliitumia kupamba kurasa za wasilisho.

Nilipomaliza kuongea na mwalimu wa ushonaji nilikwenda karakana ya pili. Mzee hakuwamo ndani. Alikuwa amehamishia darasa nje, chini ya mwarobaini, na mabenchi matatu ya kazi yamekaa juu ya mchanga yakiwa yameinuliwa kwa vipande vya tofali yasiyumbe. Aliponiona aliinuka, tukasalimiana, akaniingiza ndani bila neno la lawama. Ndani hakukuwa na mtu. Akachukua vipande viwili vya msonobari vyenye ulimi na tundu tayari, akapaka gundi nyeupe, akanipa mkononi.

"Kusanya."

Nikakusanya, nikatafuta skweya ya kupimia pembe, nikageuka kuchukua kibano. Niliporudi gundi ilikuwa imeshafanya utando juu, kama maziwa yaliyoachwa. Nikabana hivyo hivyo. Akafungua kibano, akavuta kwa vidole viwili tu. Kiungo kikaachia.

"Asubuhi saa mbili kinashika," akasema. "Saa tisa hakishiki. Na mbao ukiziegemeza hapo," akaonyesha kioo kwa kidevu, "jioni zimepinda, kesho ukirandia unarandia upepo."

Kule upande wa ushonaji, bati la cherehani alasiri huwezi kuliwekea kiganja. Waliokuwa wamepona ni wachomeleaji peke yao, kwa sababu tangu mwanzo walikuwa wanafanyia kazi uani.

Sikulala vizuri usiku ule kwenye nyumba ya wageni. Nilifungua lile daftari la Dessau, mkato wa ukuta wa kaskazini wenye alama ya kidole cha grisi. Nikawaza pia majengo ya kwetu niliyokuwa nayaruka kama nilivyoliruka lile panga la tatu. Ernst May, aliyejenga mitaa mizima Frankfurt miaka ya 1920, alikuja Tanganyika mwaka 1934 akiwa mkulima, baadaye akafungua ofisi Nairobi, na jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, pale Moshi ni mkono wake. Nimepita mbele yake mara nyingi kuelekea stendi nisijue. Na Kariakoo, lile soko alilolisanifu Beda Amuli miaka ya 1970, paa lake ni miavuli ya zege inayomkinga mtu na jua na kukusanya maji ya mvua kwa pamoja. Nimenunua mchicha chini yake tangu mwaka wa kwanza chuoni, na kila nikiulizwa mfano wa usanifu wa kisasa nilikuwa naitaja Ujerumani.

Asubuhi nilimwomba mkuu wa chuo nikutane na walimu. Nikasema nimekosea. Palikuwa kimya kidogo, kisha mwalimu wa ushonaji akasema, "Basi tufanyeje?" Bajeti ya kukarabati ilikuwa sifuri na chenji. Nilikuja na kalamu tu mara hii, nikachora wakiwa wananielekeza. Kazi yenyewe ikawa mafunzo ya vitendo ya muhula: wanafunzi wa uashi wakatoa vioo vya chini na kujenga ukuta wa tofali hadi usawa wa benchi, wachomeleaji wakatengeneza fremu ya baraza ya mabati upande mzima wa magharibi, maseremala wakachonga luva za mbao, zile mbao za kuinamisha zinazopitisha hewa na kuzuia jua, za kukaa juu, mahali palipokuwa na kanga. Katikati tukaacha kioo, mkanda mmoja mrefu. Vile vioo vilivyotolewa mzee hakuruhusu vitupwe. Vilikatwa vikawa milango ya makabati ya vyombo, na yaliuzwa mjini upesi kuliko nilivyouza wazo lolote maishani mwangu. Miche ya mwarobaini ilipandwa mbele ya baraza. Ile mitatu ya kwanza ililiwa na mbuzi, ikapandwa mingine na kuzungushiwa miiba.

Tatizo lililobaki ni luva zenyewe. Ziko nane, ziko juu, na kila mtu alikuwa anapanda stuli na ufito kuzifungua asubuhi na kuzifunga ikija mvua ya upepo. Nikawaonyesha kwenye simu ile picha ya mnyororo wa Dessau. Sikutoa maelezo mengi, nilisema tu kule wanafanya hivi. Kijana mmoja wa uchomeleaji akaitazama, akaikuza kwa vidole, akaitazama tena, akanirudishia simu.

Niliporudi baada ya miezi miwili, ukutani kulikuwa na pedeli ya baiskeli. Pedeli moja, upande mmoja tu, imechomelewa kwenye kipande cha bomba, na meno yake yamebeba cheni ndefu iliyoungwa kutoka baiskeli tatu au nne, inapanda hadi juu kwenye fimbo ya chuma iliyoshika luva zote nane. Mwalimu wa ushonaji akaniita niijaribu. Nikazungusha kwa mkono. Luva zikainama kwa pamoja, hewa ikaingia, na cheni ikapiga kelele hadi wanafunzi wa umeme wakatokeza vichwa mlangoni.

Mzee wa useremala alikuwa amesimama nyuma yangu, penseli sikioni. Benchi la randa lilikuwa limerudi ndani.

"Injinia," akasema, "ukija tena usije na kamera. Njoo na kopo la grisi."